Somo Ndani ya Ukungu

Mwaka wetu wa mwisho katika shule ya ualimu, uhuru ukiwa bado mchanga, tulitumwa kwenye shule ndogo za vijijini kufundisha mbele ya inspekta. Bila somo hilo hakuna diploma. Mimi nilipewa Nyabiondo, kijiji cha milimani, darasa la kwanza, katika jengo la udongo lenye madirisha yasiyo na vioo.

Nilikuwa nimetayarisha hesabu. Nilichora maharage ubaoni, makubwa makubwa, ili hata watoto wa nyuma wayaone. Inspekta, mzee mpole mwenye koti zito, akaketi kwenye benchi la mwisho.

Halafu ukungu ukashuka mlimani. Uliingia dirishani polepole kama maziwa yanayomiminwa, ukammeza inspekta, ukawameza watoto, mwishowe ukafuta hata maharage yangu. Nilibaki nimeinua chaki, sauti zote zikija kwa mbali, kama za watu wa ndotoni.

Mtoto mmoja wa kike akaanza kulia.

"Madamu, uko wapi?"

"Niko hapa. Na wewe uko wapi?"

"Sijue."

Tulikuwa tumefundishwa kusimama wima, kuandika herufi nzuri, kutamka Kifaransa. Hili hatukufundishwa. Niliweka chaki chini, nikapapasa benchi moja baada ya jingine hadi nikapata mkono mdogo wa baridi wa yule mtoto, nikaushika.

"Kila mutu ashike mukono ya mwenzake," niliwaambia wote. "Tusikilize. Munasikia nini?"

Mmoja baada ya mwingine wakaanza kujibu.

"Maji inaanguka ku majani."

"Ngombe inalia kule juu."

"Mama mumoja anatwanga majani ya sombe."

"Mumoja tu?" nikauliza.

"Hapana, wako wawili."

Kutoka nyuma, ndani ya weupe ule, sauti ya mzee ikasema taratibu, "Mimi nasikia watatu."

Watoto wakacheka. Yule wa kike naye akacheka, mkono wake bado mkononi mwangu. Tukaendelea kuhesabu michi ya kijiji, tukijumlisha na kutoa, hadi jua likaanza kupenya.

Somo lilipoisha, inspekta aliniita nje. Alikuwa akipangusa miwani yake.

"Ile somo ulitayarisha, haukuimaliza."

"Ndiyo, Papa."

"Na ndiyo ile nilikuja kuangalia." Akavaa miwani. "Nani alikuambia uanze na ule mutoto?"

"Hakuna mutu, Papa. Alikuwa analia."

Nilirudi kwa miguu katikati ya mashamba yaliyolowa, nisijue kama nimefaulu au la, na ajabu ni kwamba moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Diploma niliipata, kwa alama za wastani. Nikapelekwa Walikale, msituni, ambako asubuhi ya kwanza mvua ilipiga bati hadi sikuweza kusikia sauti yangu mwenyewe. Watoto walinitazama. Nikaketi kati yao kwenye benchi, tukangoja pamoja.