Ramani ya Mizinga ya Baba

Mwaka tisini na tisa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya misaada mjini Mpanda, mmoja wa watu wachache sana pale mjini walioshika kompyuta kila siku. Nilijiona mtu. Nilipanga chumba mtaa wa Makanyagio, nilivaa viatu vya kamba hata wakati wa vumbi, na aliyeniuliza kazi ya baba yangu nilimjibu kwamba ni mkulima. Ukweli ni kwamba baba alikuwa mrina asali kule Kibaoni, tena wa kutajwa. Nilimwonea haya, na sasa naona haya kuliandika hilo.

Aliyenitia wazimu ni rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye alikuwa akihudumu kwenye duka la intaneti Dar es Salaam. Alinitumia disketi kwa treni, na ndani yake mna programu ya kutengeneza kurasa za intaneti. Neno tovuti hatukuwa nalo bado. Aliniandikia kwamba sihitaji kujua lugha ya kompyuta hata kidogo, na kweli sikuihitaji. Unachagua umbo la ukurasa, unaandika kama unavyoandika barua, picha unaivuta kwa mausi mpaka unapoitaka, kisha programu yenyewe inamalizia kazi. Kitu cha kuuza, alisema, kisiwe cha kubeba. Kiwe maandishi tu, ya kutumwa kwa barua pepe. Akaongeza kwamba Wazungu wanapenda mambo ya nyuki.

Baba alipokuja mjini kuuza asali nikamkalisha, nikamwomba anieleze kazi yake. Alieleza siku mbili: mti unaotoa gome zuri la mzinga, majira ya miyombo kuchanua, moshi wa kiasi gani unawatuliza nyuki bila kuwaua. Nikatoa kijitabu cha kurasa kumi na mbili kwa Kiingereza changu cha shule. Ningeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilitaka kazi ionekane ya kitaalamu, nikamwomba anichoree mizinga yake ilipo. Alikiangalia kiti nilichokalia. Halafu akachukua kalamu yangu, akachora mto, kilima na vidoti kumi na kimoja.

"Haya, ndiyo hiyo," akasema.

Nilijua warina walivyo. Ukimkuta mmoja njiani ukamuuliza anakokwenda, atakuonyesha kaskazini huku miguu yake inaelekea kusini, na hakuna atakayemwita mwongo, maana mizinga huibwa. Nilijua pia kwamba mpaka wa hifadhi ya wanyama ulikuwa umesogezwa, na mizinga aliyorithi kwa babu sasa ilikuwa ndani, mahali asiporuhusiwa kukanyaga. Yote hayo niliyajua. Bado niliichora upya ile ramani kwa madaha, nikaibandika katikati ya ukurasa wangu wa intaneti ili ivutie wanunuzi, na pembeni nikavuta picha ya nyuki. Disketi ikarudi Dar kwa treni. Rafiki yangu akaurusha ukurasa, watu watatu wakanunua kijitabu, na mimi nikatembea mjini kichwa juu kama jogoo.

Barua ya nne iliingia asubuhi moja kupitia simu ya setilaiti ya ofisi. Haikutaka kijitabu. Mwandishi alijitambulisha kuwa mtumishi wa mambo ya wanyamapori, akauliza mizinga ya kwenye ramani ni ya nani, na kama mwenyewe ana kibali cha kuingia hifadhini. Mistari mitatu tu. Niliisoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Baba alikuwa ameingia porini siku nne zilizopita.

Niliogopa. Nilimwona baba na pingu. Nilimwona akikimbia, askari wa hifadhi wakidhani ni jangili, wakimpiga risasi, na mimi mwanawe ndiye niliyewachorea njia. Nikamwandikia rafiki yangu aufute ukurasa. Mchana alijibu kwamba ameufuta, ila waliokwisha kuuchapa wanao. Niliaga kwamba nina mgonjwa nyumbani, nikadandia lori la Kibaoni. Barabara ile inapita katikati ya hifadhi, na kila gari la askari tulilopishana nalo nililichungulia nyuma kama kuna mzee.

Nilimkuta mama anapepeta mpunga. Sikuthubutu kumwambia. Chakula alichoniwekea sikukigusa, nikasingizia malaria.

Siku ya pili, alasiri, Landrova ilisimama uwanjani kwetu. Walishuka askari wawili, wapole kabisa, wakamwamkia mama. Mmoja akakunjua karatasi, nikamwona nyuki wangu pembeni.

"Mama, tunapita nyumba kwa nyumba. Nyie hapa mnamjua aliyechora hii?"

Mama hakujua kusoma. Aliitazama, akaigeuza. "Huyu mdudu amenona," akasema. "Mwulizeni kijana wangu, ndiye aliyesoma."

Nikasema siijui. Yule askari alinikazia macho kidogo, kisha akaikunja karatasi.

"Tumemaliza mafuta bure. Hapo penyewe hakuna hata mti. Mbuga ya maji, viboko watupu."

Walipoondoka nilidhani nimepona. Haikuchukua muda nikaogopa upya: huenda wameisoma vibaya, wakiisoma vizuri watampata. Kila gari lililonguruma barabarani nilisimama.

Baba alirudi kesho yake, madumu mawili ya asali begani, jicho moja limefumbwa na uvimbe wa nyuki. Nilipiga magoti nikamweleza yote, tangu disketi mpaka Landrova. Aliosha mikono kwanza.

"Hapo nilipokuchorea hapajawahi kuwa na mzinga," akasema.

"Ulinidanganya, baba?"

"Uliniuliza ukiwa umekaa kwenye kiti. Mimi nami nilimuuliza baba yangu, akanidanganya miaka miwili. Siku nilipobeba shoka nikamfuata, alinionyesha mizinga yote, mmoja mmoja. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akanitazama kwa jicho lililobaki wazi. Nilijua anachosubiri. Porini kulikuwa na askari wenye bunduki, na mimi bado niliwaogopa. Nikasema nina kazi ofisini, labda mwaka kesho. Akaitikia, "Sawa, mwanangu," akaingia ndani na madumu yake.

Hakuniuliza tena, wala mimi sikumfuata. Sasa amekufa. Mizinga yake kumi na mmoja, kama kweli ilikuwa kumi na mmoja, inaning'inia nisikokujua, na nilichobaki nacho ni ramani ya mahali wanapolala viboko.