Baba Alivyonichagulia Shule Kama Anayenunua Ng'ombe

Enzi zetu pale Gulwe, mtoto hakuulizwa anataka kusoma wapi. Ulikula kiporo cha ugali wa uwele na mlenda, ukabeba ufagio na kidumu cha maji, ukaondoka. Tulicheza rede mpaka vumbi likatubadilisha rangi, tukamung'unya ubuyu mpaka meno yakaingia ganzi. Watoto wa siku hizi wanamfokea paka kwa Kiingereza, lakini mwambie mmoja atandike kitanda chake, anakutazama kama umemtukana.

Baba yangu alikuwa mfugaji, na hakumwamini mtu. Hata salamu aliipokea baada ya kukuchungulia usoni. Mnadani walimcheka kwa sababu hakununua ng'ombe asubuhi. Alijua kuna wauzaji wanaowalambisha ng'ombe chumvi alfajiri, halafu wanawanywesha maji mpaka matumbo yanatuna, na mnyama aliyekonda anaonekana amenona. Basi yeye alikaa pembeni na fimbo yake mpaka jua ligeuke, ng'ombe akojoe, tumbo lirudi mahali pake. Hapo ndipo alipouliza bei. "Huyo ni ng'ombe wa asubuhi," alikuwa akisema, na kwake hilo lilikuwa tusi.

Nilipofikia umri wa kuanza darasa la kwanza, kulikuwa na shule mbili. Moja ilikuwa jirani na stesheni, imepakwa chokaa, ina maua mlangoni. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya korongo, kuta za udongo, na mwendo wake si mchezo. Mama alitaka ya karibu. Baba akaenda kote kuwili, mchana, akakaa nje. Ofisini hakuingia. Alisubiri kengele ya kutoka tu.

"Wale wa stesheni wanatoka mbio kama mbuzi walionusa chui," alimwambia mama aliporudi. "Wale wa ng'ambo kengele imelia, bado wamemzunguka mwalimu wao wanamuuliza mambo. Mtoto ataenda ng'ambo."

Nililia sana. Lakini mwalimu yule alituchorea ramani ya kijiji mchangani, akatuacha tubishane njia ya nani ndiyo fupi, na mpaka leo nikifungua kitabu namkumbuka.

Sasa ninaye Neema, binti yangu, anaanza darasa la kwanza mwakani. Juzi mimi na baba yake tulialikwa na shule moja hapa Dodoma mjini. Vigae vinang'aa, watoto wamepangwa mlangoni wanaimba kwa Kiingereza, sisi tunapewa juisi na keki. Mwalimu mkuu alicheka kabla hatujasema la kuchekesha. Nikamuuliza kama naweza kurudi siku ya kawaida.

"Mama, wageni tunawapokea kwa miadi tu, ni usalama wa watoto," akasema, huku akinisogeza taratibu kuelekea kwenye keki.

Baba Neema akaninong'oneza, "Mama Neema, usianze mambo ya baba yako. Ijumaa tunathibitisha nafasi. Zikijaa tusilaumiane."

Niliogopa, sifichi. Mtoto ana utoto mmoja. Nikikosea hapa, hakuna mnada wa wiki ijayo.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa kwa dada anayekaanga mihogo mkabala na geti la shule ile. Jua likageuka, likashuka, kimya. Akaniuliza namsubiri nani. Nikamwambia nasubiri watoto watoke.

"Hapa huwaoni, dada," akasema. "Wanapakiwa ndani kwa ndani."

Geti likafunguliwa jioni kabisa, mabasi yakaanza kutoka. Nikasimama nitazame kwenye madirisha. Vichwa vyote vilikuwa vimeegemea vioo, midomo wazi, tai zingali zimekaza shingoni. Nilimtambua binti mmoja aliyekuwa mbele siku ya nyimbo, naye hoi.

"Asubuhi nako wanaletwa hivyohivyo, wamelala," dada wa mihogo akasema, akigeuza kikaango chake.

Nilirudi nyumbani. Neema alikuwa uani na mpira wake wa soksi, anaitwa kuoga hasikii. Baba yake akaniuliza nimeona nini.

"Sijaona mtoto aliye macho," nikamwambia. "Nafasi ile wapewe wengine. Kesho mchana twende tukakae nje ya shule ya hapa mtaani."

Alimtazama Neema akiufukuza mpira pale uani. Kisha akauliza kama abebe kigoda.

Enzi zetu baba alitazama nani anakimbia na nani anakawia, akajua pa kumpeleka mwanawe. Mimi kesho nitakaa juani kama yeye, na ninachoomba ni kidogo kuliko alichoomba yeye: niwakute wameamka.