Sauti Aliyoitoa Mwalimu Pankras

Niliseme mapema lisinisumbue tena: tulimdanganya Mwalimu Pankras kwa miaka miwili, kila Jumapili, na mimi nilikuwa mmoja wa wadanganyaji. Niliimba besi katika kwaya ya kigango chetu huko Namswea. Kwaya hiyo aliianzisha yeye, na hakukuwa na kitu alichokipenda kama hiyo. Mkewe Gaudiosa alikuwa akisema hata yeye anakuja wa pili, tukacheka.

Aliumia mwaka wa tisini na tano. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi wanunue kahawa, na malori yao yalipanda mpaka kwenye njia ambazo mbuzi wetu huzikataa. Pankras alipanda juu ya magunia kwenda Mbinga mjini. Lori likaingia kwenye korongo, akarushwa, kichwa kikagonga ubao wa pembeni. Alilazwa siku tisa. Akarudi na kovu, sikio la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linapiga mluzi usiokoma.

"Ni kama karabai inawaka humu ndani," aliniambia, "na hakuna wa kuizima."

Daktari alimwambia atazoea. Ni rahisi kusema.

Kwetu hakuna kinanda. Kabla ya wimbo mwalimu huwatolea waimbaji sauti: do, mi, so, kila kundi lishike yake. Jumapili ya kwanza aliporudi alitoa do ya juu mno, tukabaki kutazamana. Nani angemsahihisha mwalimu mbele ya padri na waumini wote? Beata, binti wa sauti ya kwanza, akaguna do ya chini zaidi, midomo imefungwa, sote tukamfuata. Pankras akatabasamu na kupunga mikono. Baada ya misa alinishika bega.

"Cuthbert, bado nipo."

"Upo, Mwalimu," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Ikawa desturi. Katikati ya wiki alikuwa mtu aliyechoka. Watu watatu wakiongea pamoja alifumba macho, na mara nyingi aliacha chakula akaenda kukaa shambani. Lakini Jumapili alinyooka kama zamani. Tulijiambia kwamba ni huruma.

Kisha Beata akaolewa Mbamba Bay. Tulicheza sana kwenye harusi ile, wala hakuna aliyekumbuka Jumapili inayofuata. Ilipofika, Mwalimu alitoa sauti, nasi tukasubiri mguno usiokuwepo, halafu kila mtu akaanza pake. Ilikuwa fujo tupu, aibu tupu. Yeye aliendelea kupunga mikono huku akitabasamu, mpaka alipomwona Gaudiosa kwenye sauti ya pili ameacha kuimba na analia. Mikono ikashuka.

Alinikuta nje. "Tangu lini?"

Ilibidi nipaze sauti, watu wakasikia. "Tangu ulipotoka hospitali."

Hakugomba. Laiti angegomba.

Siku hizi anakaa benchi la nyuma, na kwaya anayo Othmar, kijana mwenye sikio zuri kupindukia. Jumapili iliyopita Mwalimu alinisubiri mlangoni, akanigeuzia upande wa kulia.

"Mmeimbaje leo?"

Tulikuwa tumeimba vizuri kuliko miaka yote ile miwili. Nilitazama uso wake uliochoka na nikajua anaomba nini. Alitaka niseme vibaya. Neno moja tu, na lingemtosha wiki nzima.

"Vizuri, Mwalimu," nikasema karibu na sikio lake. "Tumeimba vizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru, akavaa kofia yake, akashuka kilima peke yake.