Siku Walipoigawa Alfa ya Georgette

Siku ya kuondoa matanga ya Anatole, mwaka jana pale Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ndugu zake walikula ugali na samaki, wakanawa mikono, kisha wakaanza kuigawa gari kama wanaogawa mbuzi. Willy, aliyetoka Lweba, alitaka injini akaifunge kwenye boti lake. Néhémie alitaka magurudumu kwa ajili ya mkokoteni. Bertin, kaka yao mkubwa, alijitengea viti, kwa kuwa wateja wa baa yake, alisema, wanapenda kukaa vizuri. Georgette, mjane, alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Hakuna aliyemwuliza neno. Watu wale hawakuwa na haya hata ya kuazima.

Na gari yenyewe si ya kufanyiwa mchezo. Ni Alfa Romeo nyekundu, ya viti viwili, isiyo na paa, ya zamani kuliko Bertin mwenyewe. Aliileta kwa meli Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba, enzi za Wabelgiji, ili aonekane. Uasi wa baada ya uhuru ulipoanza akapanda boti la kwanza, akamwachia funguo Raphaël, mlinzi wa ghala lake, akisema atarudi. Mpaka leo yuko njiani! Raphaël, ambaye ndiye baba yake Georgette, aliisukuma gari kwenye pembe ya ghala, akajenga ukuta wa matofali mbele yake, akaukandika udongo. Askari wa kila namna waliegemea ukuta ule wakavuta sigara zao. Jamaa nzima ilikimbilia Tanzania, ng'ambo ya ziwa, ikarudi, na ukuta ulikuwa bado umesimama. Siku Georgette alipoolewa, mzee aliuvunja kwa sururu mbele ya wageni. "Mutoto yangu haende kwa bwana mikono mitupu," akasema. Bertin alikuwapo, tena alikula akashiba.

Ndani kulikuwa na kutu na viota vya panya. Anatole alikuwa fundi wa pikipiki, na kazi aliijua, hilo halina ubishi. Lakini nani alisugua kutu kwa mchanga wa ziwa hadi kucha zikaisha? Georgette. Nani alishona viti vya ngozi ya mbuzi? Georgette huyohuyo. Sakafu iliyooza waliikatia bati la pipa la mafuta, yeye akishika, mumewe akigonga, na nyundo haikuwa ikichagua kati ya bati na kidole. Spea zilivuka kutoka Kigoma moja moja. Ilipowaka, maharusi wa Baraka waligombania kuipanda. Mlima wa Fizi ndio uliishinda: maji yalichemka, wasimamizi waliokuwa wakifuata kwa pikipiki wakashuka na suti zao kusukuma, bibi harusi akabaki kitini anacheka. Na bado mji mzima uliiita motuka ya Anatole. Hilo Georgette alilimeza, maana alimpenda mumewe. Lakini ije kukatwa vipande na watu ambao hawakuwahi kushika hata kitambaa cha kuifutia?

"Mama Arlette," Bertin akasema, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, "tulishalia, tulishakula. Sasa bintu yote ya marehemu, hata motuka, irudie mu jamaa. Ni desturi."

"Ile motuka ni baba yangu alinipatia, shemeji. We ulikuwako."

"Tulikutolea mahari. Ya muke ni ya bwana, na ya bwana ni ya jamaa."

Hasira zilimpanda Georgette hadi masikio yakawaka moto. Desturi! Yeye aliijua yote, si nusu ile wanayoipenda wao. Akatua sinia chini, akaingia ndani, akatoka na watoto wake watatu, akawapanga kando ya gari.

"Muzuri, tufuate desturi. Mwenye kubeba bintu ya marehemu anabeba na batoto yake, kula yabo na masomo yabo, mpaka bakomae. Willy, injini inaenda na Arlette. Néhémie, magurudumu yako na Dany. Na we, mukubwa, beba viti na huyu mudogo, Rosette."

Majirani waliokuwa wakiosha sufuria wakaacha kuosha. Willy akakumbuka kwamba nyumba yake ya Lweba ni ndogo. Néhémie akasema mke wake ana homa. Bertin alikohoa, akaanza kuitafuta kofia yake, nayo iko kichwani.

"Hatukusema vile," akanung'unika. "Hata motuka yenyewe ni muzee."

Wakatoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Majirani walipiga vigelegele. Georgette alicheka kwa sauti, akaupiga mlango wa Alfa kwa kiganja, akageuka awaone wanawe. Arlette alikuwa palepale alipowekwa, amemshika Rosette mkono, anaitazama njia waliyopita baba zake wakubwa na wadogo.

"Mama," akauliza, "hakuna hata mumoja alitutaka?"

Georgette aliondoa kiganja kwenye mlango wa Alfa. Alijua tangu mwanzo kwamba watakataa. Ndiyo maana aliwatoa nje.