Mabafu ya Baba na Ngazi za Mbao

Wenzake kazini walimwita Timazi, kwa sababu hakuamini ukuta wowote mpaka aushushie kamba yake na kuona umesimama wima. Siku aliyopelekwa ukweni kama bibi harusi, inasemekana, alizikagua kuta kabla ya kusalimia. Walimcheka mpaka basi, naye hakujali.

Basi nyumba moja kongwe ya ghorofa mbili ikaamuliwa iwe makumbusho, na kuta zote akakabidhiwa yeye. Raha iliyoje! Chokaa aliichanganya mwenyewe. Saruji, alisema, ingezinyima kuta zile pumzi na unyevu ungebaki humo humo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya lifti. Wazee na watu wa viti vya magurudumu nao wana haki ya kufika juu, hilo hakuna aliyelibishia. Ila injinia alinyoosha kidole kwenye ngazi za mbao, kazi ya mikono ya mafundi waliokufa zamani.

"Tunazing'oa hizi, lifti inakaa hapa. Michoro inaondoka kesho."

"Weee! Uzing'oe mimi nikiwa hai?" Timazi alimaka. "Nipe mpaka kesho asubuhi."

Alipima nyumba nzima. Pakafaa mahali pamoja tu: mabafu matatu ya nyuma, moja juu ya jingine, yaliyoongezwa miaka arobaini iliyopita. Na aliyeyajenga ni baba yake mzazi. Mgeni hamalizi chai kwa mzee yule kabla hajasimuliwa habari za mabafu yale. Hata hivyo Timazi alimfuata nyumbani jioni ile ile.

"Baba, nataka kubomoa mabafu yako."

"Yote matatu?"

"Yote. La sivyo ngazi zinang'olewa."

Mzee aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Timazi aliumia, asikuambie mtu. Lakini kulipokucha alimwekea injinia vipimo mezani, na injinia, muungwana yule, akaibadilisha michoro.

Siku ya kubomoa mzee akatokea na fimbo yake, kavaa suruali ya kazi. Mafundi wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipe nyundo."

"Baba, tafadhali, tusigombane mbele za watu."

"Nani kagombana? Lete nyundo, mwanangu."

Akapanda zile ngazi pole pole, binti yake nyuma, mpaka bafu la juu kabisa. Akaigonga kona nyuma ya mlango. Pigo moja tu, plasta ikaporomoka. Ndani mlikuwa na mifuko mitupu ya saruji na vipande vya matofali; tofali zima hata moja halikuwemo.

"Matofali yaliniishia, na mwenye nyumba alikuwa anahamia kesho yake," mzee alisema akijifuta jasho. "Nikalipua kazi. Tangu ulipoanza ufundi, mwanangu, nimekuwa nikimwomba Mungu usije ukapata kazi humu ndani."