Uwanja Mzima kwa Ringi Moja

Harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yaliyokandwa na udongo ndiyo iliyotuambia, kule kwetu Unyambwa, kwamba uwele umekauka na kazi ya kupura imekaribia. Bibi, mama yake baba, alikipaka kiwanja cha kupuria kwa mikono yake mwenyewe, akirudi kinyumenyume, akilainisha na kufuta alama za vidole. Kikikauka kilikuwa kigumu kama sakafu ya saruji, na hakuna punje iliyopotea juu yake. Mwaka huo nilikuwa nimejifunza mpira wa kikapu shuleni mjini, na siku moja baada ya mavuno nikagundua kwamba mpira unadunda pale vizuri kuliko kwenye uwanja wa shule. Nikaanza kumsumbua baba anijengee goli. Sikutegemea anisikilize, maana baba hakuwa mtu wa michezo hata kidogo. Redio ikianza kutangaza mechi aliizima kulinda betri.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yalijaa ghafla sabuni za kunukia na redio za kaseti. Ushirika ambako baba alikuwa karani ulikuwa unakufa polepole, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Malori ya watu binafsi yalikuja mpaka shambani kununua alizeti. Kila mtu alikuwa na mpango, na hakuna aliyeamini kwamba mpango wa mwenzake ni ule anaousema. Mtu akichimba msingi wa banda la kuku, majirani walinong'ona kwamba anajenga baa. Basi baba aliporudi kutoka mjini na ringi ya chuma, ubao, vigingi na futi ndefu ya kupimia, ni mimi peke yangu niliyeamini kwamba pale kuna mpira.

Alikuwa ameuliza vipimo kwa mwalimu wetu wa michezo: mita ishirini na nane kwa kumi na tano. Akasema hataki kunifanyia kazi ya kubabaisha, atanipa uwanja kamili kama wa mashindano. Nilishika ncha ya futi huku moyo ukinidunda kwa furaha. Tulianzia kwenye kiwanja cha kupuria, tukaingia kwenye mabua ya uwele, tukaenda mpaka karibu na barabara, na kila kona baba akagongomea kigingi na kufunga kamba ya katani. Mzee Ntandu, jirani yetu, alisimama barabarani na baiskeli yake akatutazama kwa muda mrefu. "Bwana, ni kanisa hilo au msikiti?" aliuliza. Baba alicheka, akacheka zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili.

Bibi hakucheka. Shamba lile lilikuwa lake. Alilifyeka yeye na marehemu babu wakati bado lilikuwa pori, na ndilo lililotulisha sote baada ya mshahara wa baba kukatika. Jioni ile, tukiwa tunakula ugali na mlenda, aliniuliza mchezo wenyewe unachezwaje. Nikaeleza kwa kirefu, nikidhani ninamfurahisha: kudunda, kupasi, kurusha. Nikamwambia kwamba shuleni nguzo moja ilipovunjika tulicheza nusu ya uwanja tu, kwa sababu goli likiwa moja ile nusu nyingine haina kazi. Kisha nikamgeukia baba: "Kwani ringi ya pili utaileta lini?" Baba akasema tutaona. Bibi alibaki na tonge mkononi, akimtazama mwanawe.

Siku chache baadaye alikuja bwana mmoja na pikapu. Baba alimtambulisha kama rafiki aliyekuja kuona uwanja wa mtoto. Bwana yule hakuniuliza hata jina. Alitembea kando ya kamba mpaka barabarani, akapiga udongo kwa kisigino, akauliza maji yako umbali gani, na lori likija na magunia litageuzia wapi. Mimi nilikuwa nimekumbatia mpira wangu nikisubiri aniambie nirushe. Aliyekuja kutazama uwanja wa mpira angeuliza lori litageuzia wapi kwa sababu gani? Tangu siku ile nilianza kumtazama baba kwa pembe ya jicho, na nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nilimpenda.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta Bibi ameinama katikati ya kamba, akichomeka vipande vya minyaa kwa mstari, kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kwetu minyaa si ua la mapambo. Mwenye shamba akishaipanda, huo ni mpaka, na mtoto kung'oa minyaa iliyopandwa na mzazi wake ni kumkana mbele ya watu. Baba aliijua mila hiyo vizuri.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia kupima," alijibu Bibi bila kuinuka. "Mtoto ana ringi moja. Nimempa nusu, itamtosha. Hii nyingine ya barabarani ni ya uwele."

Baba alisimama pale, utomvu mweupe wa minyaa ukidondoka kutoka mikononi mwa mama yake. Kisha akaenda barabarani, akaving'oa vigingi mwenyewe, kimoja kimoja. Bwana wa pikapu hakurudi. Mashine yake ya kukamua alizeti aliijenga kwenye shamba la mtu mwingine, mbele kidogo, na malori yake yalipita kwetu kila siku. Baba alinisimikia goli, tena kwa uangalifu, nami nililichezea miaka yote nilipokuwa nyumbani. Lakini tangu hapo, kila baba alipoleta mgeni, Bibi alitoka na kigoda chake akakaa nao mpaka mgeni aondoke.

Bibi alishafariki, na baba sasa ni mzee. Juzijuzi nilipata ujasiri wa kumuuliza: ule uwanja ulikuwa wa kunifurahisha mimi, au ulikuwa wa kuuza shamba bila Bibi kushtuka? Akasema, "Yote mawili, mwanangu." Nilimwamini, na nililia. Unyambwa ya leo imemezwa na mji, viwanja vina bei, na wadogo zangu wananipigia simu kila mwezi wakitaka tuuze shamba la Bibi. Hawahangaiki kutafuta kisingizio. Wanampiga picha mnunuzi akiwa amesimama shambani, wananitumia, wanauliza nasemaje. Baba angalau aliona haya, akatafuta mchezo wa kujifichia, na katika kujificha akanijengea kitu. Nikiziangalia picha zile najikuta naukumbuka uongo wake kwa mapenzi.