Kifurushi Kisichofunguliwa Bustanini

Wengine husafiri kutazama milima; mimi husafiri kutazama watu. Asubuhi ile niliposhuka Meru, nikitoka Embu nilikolala kwa rafiki yangu katika mtaa wa huko uitwao Dallas, mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni na kila mtu alinihimiza nigeuke niuone. Niligeuka kwa adabu, nikauona, nikauliza bustani ya mjini iko wapi. Nilikuwa na saa chache tu kabla ya kuendelea na safari yangu ya Isiolo, na sikutaka kuzimaliza kwa kutazama mawe.

Nilipoingia tu, nilitoa kamera begini. Nyuso zilikuwa tele, na mimi kwa nyuso ni mlafi. Mzee mmoja alikuwa amelala nyasini, kofia usoni, mkono mmoja umeng'ang'ania mfuko wa mbegu asije akaibiwa. Wanafunzi kutoka Kaaga walikuwa wamevua viatu na kuvipanga mstari. Muuza nyama mmoja, koti lake jeupe likiwa na madoa, alisoma gazeti akifuata mistari kwa kidole. Sikujua nianzie wapi, na hilo ndilo ninalolipenda.

Desturi yangu ni moja: napiga picha kwanza, halafu naenda kumwonyesha mwenyewe. Akikataa, naifuta mbele ya macho yake. Yule muuza nyama aliitazama yake kwa muda mrefu.

"Kumbe nimezeeka hivi," alisema. "Wacha ikae, mama. Bibi akiniuliza nilikuwa wapi, nitamtuma kwako."

Ndipo nikamwona mtu wa benchi la karibu na lango. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, suti mpya, viatu vimeng'arishwa, na mapajani ameshika kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Alikishika kwa mikono miwili kama mtoto anayelala. Nilimpiga picha kutoka mbali, kisha nikasogea, nikapiga ya mikono peke yake.

"Kaka, samahani," nilimwambia. "Nimekuiba kidogo. Tazama, kama hutaki nitaifuta."

Akatazama. "Iko sawa. Lakini umepiga mzigo kuliko mtu."

Kweli tupu. Na kwa kuwa mtu wa Voi, kama mimi, akipewa kiti huomba na mto, nikaongeza: "Basi kifungue kidogo, nione kilichomo. Picha itanoga."

Mzee aliyeketi kando yake, aliyekuwa akinipima kwa jicho la pembeni tangu nifike, akakohoa. Nilikuja kujua kwamba ni baba yake mdogo, na ndiye msemaji wao siku hiyo.

"Mama, hiyo haifunguliwangi hapa," alisema. "Hiyo ni miraa ya kuomba msichana. Mwenye kufungua ndio amekubali kumtoa. Uko na msichana?"

"Nina mvulana mmoja."

"Basi wacha hiyo mzigo ikae."

Nilicheka, nikaketi bila kukaribishwa. Nikaambiwa kwamba wametoka Ruiri, wanangoja gari la wazee wenzao liwapitie, waende Kaaga kwa baba ya msichana. Kifurushi huwekwa mezani. Baba akikifungua, mazungumzo yameanza. Akikiacha kimefungwa, wageni hukichukua wakarudi nacho kwao, kwa maana hakitupwi njiani.

"Na hii ni mara ya pili," alisema bwana harusi mtarajiwa.

Mara ya kwanza walikuwa wamejifikirisha sana. Baba ya msichana ni mzee wa kanisa, ameokoka miaka mingi, hagusi miraa wala haruhusu itafunwe uani kwake. Wakasema, tukimpelekea miraa atatufukuza.

"Tukaenda na keki," alisema baba mdogo.

"Keki?"

"Keki kubwa. Imeandikwa jina yake na ya mama. Mzee akaangalia hiyo keki, akatuuliza tumekuja bathdei ya nani. Akasema, 'Mimi niliokoka, sikuhama Meru.' Tukapewa chai, tukaambiwa barabara iko pale."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini mwenye suti hakucheka.

"Leo akikataa, baba mdogo amesema haendi ya tatu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na mimi siwezi enda bila wazee. Msichana amesema atangoja. Lakini mtu anaweza ngoja mpaka lini?"

Gari likaja, wakainuka, naye akatembea polepole kifurushi kifuani. Nilimwambia nitakuwa hapo hapo bustanini wakirudi. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo.

Nikampigia simu mwenyeji wangu wa Isiolo kumwambia nitachelewa. Akauliza kuna nini. Nikasema nangoja miraa ifunguliwe. Akaniuliza nimeanza lini kutafuna.

Nilijaribu kuendelea na kazi. Nikampiga picha mama mmoja akimsuka mwenzake, na mzee wa mbegu alipoamka na kuuhesabu mfuko wake kwa macho. Zilikuwa picha nzuri, na hata moja sikuifurahia. Kila gari liliposimama langoni nilinyanyuka. Jamani, watu nisiowajua kwa jina walikuwa wamenikosesha utulivu kuliko posa yangu mwenyewe.

Jua lilipoanza kuinama, lile gari likasimama. Niliinua kamera, nikavuta lenzi mpaka mwisho. Wa kwanza kushuka alikuwa baba mdogo, na uso wake haukusema lolote. Nyuma yake akashuka yule kijana, lakini kundi la wanafunzi lilikuwa likitoka, likamfunika mpaka mabegani. Nilitafuta mikono yake kati ya mabegi yao, nikamwomba Mungu awaharakishe watoto wale.

Wakapita. Mikono ilikuwa mitupu.

Nilipiga vigelegele pale pale, vya kwetu Voi. Muuza nyama alishusha gazeti. Baba mdogo akanijia akitikisa kichwa, lakini sasa uso wake ulikuwa umefunguka.

"Mzee amefungua?" niliuliza.

"Amefungua. Halafu akachukua kijiti moja, akatafuna. Mama ya msichana akaangalia ukuta. Mzee akatoka nje, akatema, akaitisha maji, akarudi akasema, haya, sasa tuongee."

Nilimgeukia kijana. Alikuwa akilia waziwazi na akicheka, hajali nani anamwona, nami nikajikuta nalia naye.

"Nipige sasa, mama," alisema. "Mimi, si mzigo."

Akasimama wima mbele ya benchi. Aliiweka mikono nyuma, akaileta mbele, akaiingiza mifukoni, akaitoa tena. Kisha akaniuliza aiweke wapi.